Kuitunza bunduki ya zamani ya .303 iliyotelekezwa bila kuishushia thamani

Bunduki ya Lee-Enfield, ile .303 ya jeshi la Uingereza, iliyokaa miaka mingi darini au nyuma ya kabati mara nyingi huharibiwa zaidi na wiki moja ya ukarabati kuliko na miaka yote ya kutelekezwa. Kutu ya juujuu huondoka, na mbao zilizokauka hurudisha rangi zikipakwa mafuta. Lakini mhuri wa mkaguzi uliofutwa kwa msasa haurudi, wala weusi wa kiwandani ulioliwa na asidi hauwezi kuwekwa tena ukawa ule ule. Wakusanyaji wa silaha za kale hulipia uhalisia, yaani namba zinazolingana, mbao za asili, mihuri inayosomeka na chuma chenye sura ya umri wake, na ndiyo maana bunduki yenye mikwaruzo ya vita na alama zake zote huuzwa ghali kuliko nyingine ya aina hiyo hiyo iliyong'arishwa ikawa kama kijiko kipya. Kwa hiyo kazi inayoelezwa hapa ni ya kusimamisha uharibifu, si ya kuifanya bunduki ionekane imetoka kiwandani jana.

Nimechagua .303 kwa sababu ndiyo bunduki ya kale ambayo msomaji wa Kiswahili ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana nayo. Askari wa King's African Rifles waliibeba katika Vita Kuu ya Pili, polisi na askari wa akiba wakairithi baada ya hapo, na hadi leo magazeti ya Tanzania na Kenya huandika "Mark IV" pasipo kuhitaji kufafanua. Wenzetu walioko Canada, Marekani na Uingereza huikuta kwenye minada na katika mirathi. Kanuni nyingi za humu zinaifaa pia Mauser au Mosin-Nagant, ila utaratibu wa kufungua ni wa Lee-Enfield peke yake.

Sheria kwanza, kisha usalama

Nchini Tanzania umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nchini Kenya na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Zote mbili zinadai kibali, na uzee wa bunduki si kinga. Anayekuta bunduki ya marehemu babu juu ya dari asiifungue, asiisafirishe wala asiitangaze mtandaoni. Aiache ilipo na kutoa taarifa kituo cha polisi. Nchini Uingereza bunduki ya .303 iliyo hai huhitaji hati ya polisi, na ile iliyolemazwa kisheria ina cheti chake kinachopaswa kubaki nayo daima. Nchini Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 huziweka kando bunduki zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla, lakini karibu kila Lee-Enfield utakayoiona ni ya baada ya hapo, na majimbo yana masharti yao juu ya hayo.

Ukishakuwa upande sahihi wa sheria, ichukulie bunduki kuwa ina risasi hata kama aliyekupa ameapa kwamba haina. Elekeza mtutu mahali salama, toa magazini, fungua bolti (chuma kinachosukumwa mbele na nyuma kuifunga chemba), angalia chemba, yaani tundu inamokaa risasi, kwa tochi na uipapase kwa kidole. Baada ya bolti kutoka, tazama ndani ya mtutu kutoka nyuma kuelekea kwenye mwanga. Katika nchi zetu ni jambo la kawaida kukuta nyigu wamejenga kwa udongo ndani ya mtutu, na udongo mkavu hutoka kwa ufito wa kusafishia na mafuta kidogo. Kitu kigumu kisichotambulika, au risasi iliyonasa chemba, si kazi ya nyumbani hata kidogo, na usijaribu kuigonga. Mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni. Risasi za zamani zilizokutwa pamoja nayo zikabidhiwe polisi.

Kuisoma bunduki kabla ya kuigusa

Hatua hii ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo inayookoa fedha nyingi zaidi. Chukua kitambaa kikavu cha pamba, futa vumbi tu, kisha piga picha za kila upande kwenye mwanga wa pembeni ili mihuri iliyofifia itoe kivuli. Kwenye SMLE (Short Magazine Lee-Enfield), yaani ile fupi iliyopokelewa na jeshi la Uingereza katika umbo la Mark III mwaka 1907, tazama upande wa kulia wa shingo ya chuma inayounganisha kitako na mwili wa bunduki. Hapo utaona taji, herufi za mfalme, jina la kiwanda, mwaka na aina. Viwanda vya kutafuta ni Enfield, BSA (Birmingham Small Arms) na LSA (London Small Arms) kwa Uingereza, Ishapore kwa India na Lithgow kwa Australia. Nyota baada ya III inaonyesha umbo lililorahisishwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mark IV ya mitaani kwetu kwa kweli ni No. 4, iliyotengenezwa kwa wingi kuanzia mwaka 1941 katika viwanda vya Uingereza, Long Branch nchini Canada na Savage nchini Marekani, za Savage zina maneno "U.S. PROPERTY" ubavuni.

Kisha tafuta namba ya bunduki kila inapojirudia: kwenye mwili wa chuma, kwenye mtutu, nyuma ya mkono wa bolti, na kwa SMLE pia kwenye kofia ya chuma ya mdomoni, chini ya jani la kilengeo cha nyuma na chini ya ubao wa mbele karibu na ncha. Bunduki ambayo namba hizo zote zinalingana ina thamani ya pekee. Bolti yenye namba nyingine hupunguza bei, tena huleta swali la usalama, kwa kuwa bolti ya Lee-Enfield hurekebishwa ili ikae na mwili wake mmoja tu.

Ziko alama ambazo mgeni wa mambo haya huziona kama uchafu au ubovu, akaziondoa, na pamoja nazo akaondoa historia ya bunduki. Herufi DP zina maana kwamba jeshi liliitenga kwa ajili ya gwaride peke yake na haipaswi kupigwa kamwe; mara nyingi huambatana na mistari ya rangi nyeupe au nyekundu kwenye mbao, na mistari hiyo ni onyo. Anayeikwangua rangi hiyo ili ubao upendeze ameharibu kitu cha kukusanywa na kumtega mmiliki anayefuata. Herufi EY ziliwekwa kwenye bunduki iliyochoka, iliyobakizwa kwa dharura au kwa kurusha mabomu. Bunduki nyingi za Ishapore zimezungushiwa waya ubavuni kuanzia mbele ya magazini, waya ukafungwa kwa lehemu. Hapo mtu hudhani ubao ulivunjika ukafungwa na fundi wa kijijini, kumbe waya uliwekwa kiwandani ili mbao zistahimili msukumo wa kurusha bomu la mkono kutoka kwenye kikombe cha mdomoni. Skrubu ya ziada inayopita kwenye ubao wa mbele nayo ni uimarishaji wa Wahindi. FTR ni ukarabati kamili wa kiwandani, na rangi nyeusi nzito ya kupaka iliyo juu ya chuma cha bunduki kama hiyo mara nyingi iliwekwa na jeshi lenyewe. Kisahani cha shaba ya manjano upande wa kulia wa kitako, kama bado kipo, kinaweza kuwa na herufi za kikosi. Usikifungue, na usikisugue.

Kufungua

Bisibisi za dukani zina ncha iliyochongoka kama kabari, na ncha hiyo hupanda kutoka kwenye mfereji wa skrubu na kuuchana. Mnunuzi mzoefu hutazama vichwa vya skrubu kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Tafuta bisibisi ya mafundi wa bunduki, yenye ncha ya unene mmoja, inayojaza mfereji wote kwa upana na kwa unene. Ukiikosa, chonga ya kawaida kwa tupa hadi ikae sawasawa. Skrubu iliyokwama itiwe mafuta mepesi ya kupenya na kuachwa usiku mzima, kesho yake itiwe tena. Ikikataa baada ya siku kadhaa, iache. Skrubu iliyokwama haipunguzi bei kama iliyokatika kichwa.

Kwa SMLE, baada ya magazini na bolti, fungua skrubu za kofia ya mdomoni na uivute mbele taratibu, ukiigonga kwa nyundo ya mbao kulia na kushoto kwa zamu, maana ikilazimishwa upande mmoja huvunja ncha ya ubao. Ndani ya ubao wa mbele kuna pete yenye skrubu na springi ndogo inayopenda kuruka na kupotea, kwa hiyo fanyia kazi juu ya shuka jeupe. Kifuniko cha mbao kilicho juu ya mtutu, kando ya kilengeo cha nyuma, kina masikio membamba sana. Kiinue kwa vidole kutoka pande zote mbili kwa pamoja, wala usiingize bisibisi chini yake. Halafu fungua kinga ya kifyatuo. Skrubu yake ya mbele hupita ndani ya kipete kidogo cha chuma ambacho kisipowekwa tena wakati wa kufunga, ubao utabanwa kupita kiasi. Sasa ubao wa mbele utashuka.

Hapa kuna kosa moja linaloua bunduki hizi kila siku. Kitako kimeshikwa na bolti nyingine, ndefu kama skrubu, inayofikiwa kutoka nyuma kupitia kitundu cha sahani ya shaba iliyo mwisho wa kitako. Kwenye SMLE ncha ya bolti hiyo ni ya mraba, nayo imeingia kwenye kibamba cha chuma kilichopachikwa mwisho wa ubao wa mbele. Ukiizungusha kabla ya kuondoa ubao wa mbele, ncha ya mraba hupasua ubao kutoka ndani, na ufa huo huonekana tu baada ya kuchelewa. Ubao wa mbele utoke kwanza, daima. Na kama kitako kimekaa imara na hakina ufa, sioni sababu ya kukitoa kabisa.

Chuma

Tofautisha kutu nyekundu ya unga, ambayo bado inakula chuma, na rangi ya kahawia iliyokomaa au nyeusi iliyoshikamana, ambayo imetulia. Ya kwanza iondolewe, ya pili iachwe. Paka mafuta mepesi ya mashine, acha siku mbili au tatu, kisha kwangua kwa kitu laini kuliko chuma cha bunduki: kipande cha shaba, au sarafu ya zamani ya shaba nyekundu ambayo ukingo wake umesuguliwa bapa. Kutu huinuka kama ukoko mwembamba na kuacha weusi wa asili chini yake. Futa, paka tena, rudia. Pale ambapo shaba imeshindwa, stilwaya laini kuliko zote, ile ya daraja la 0000, iliyoloweshwa mafuta na kusukumwa kwa uzito wa kidole tu, hutosha. Ijaribu kwanza sehemu inayofunikwa na ubao. Usiitumie juu ya mihuri.

Siki, maji ya limao, kinywaji cha kola, na dawa za kutoa kutu zenye asidi ya fosforasi ziache kabisa. Weusi wa bunduki wenyewe ni aina ya kutu, oksidi nyeusi ya chuma, na asidi haina namna ya kuchagua kati ya hiyo na ile nyekundu: itachukua zote na kukuachia chuma cha kijivu kitupu. Dawa za baridi za kurudishia weusi nazo hudanganya macho ya mwenye nazo tu, kwa kuwa rangi yake huwa na mabaka na huchuja upesi.

Iko njia moja inayotumia kemia hiyo hiyo kwa faida yako. Sehemu ya chuma yenye kutu nyekundu iliyotanda, isiyo na mbao wala rangi ya kupaka, ikiondolewa mafuta yote na kuchemshwa katika maji yaliyotoneshwa kwa takribani nusu saa, kutu nyekundu hugeuka nyeusi. Ungaunga wa juu hufutika kwa stilwaya laini, na kilichobaki hushikamana na weusi wa zamani. Sehemu hiyo ikaushwe ingali moto na kupakwa mafuta papo hapo. Njia hii ni nzuri kwa kofia ya mdomoni au kinga ya kifyatuo. Kwa mtutu mzima inataka karai refu na mtu aliyeizoea.

Sahani ya shaba ya kitako iache na ukungu wake wa kahawia. Kutu ya kijani peke yake itolewe kwa kijiti cha mwanzi na tone la mafuta. Fungua kifuniko chake kidogo, kwani ndani ya kitako mara nyingine bado kuna kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia vya jeshi, na vitu hivyo vina wanunuzi wake.

Mbao

Msasa usiingie chumba hiki. Mbao za bunduki zilikatwa zikiwa juu kidogo ya kimo cha chuma, na bunduki iliyopigwa msasa hujulikana kwa ubao uliozama chini ya chuma kinachouzunguka, kingo zilizolegea na mihuri iliyobaki vivuli. Vanishi pia haina mahali hapa, kwa sababu jeshi la Uingereza lilipaka mafuta ghafi ya mbegu za kitani, yale yale ya mafundi seremala na wachoraji.

Uchafu mweusi wa jasho, moshi na grisi huondolewa kwa kitambaa kilicholoweshwa mchanganyiko wa tapentaini na mafuta ya kitani kwa kiasi sawa, ukifuata mkondo wa nyuzi za mti na kubadilisha kitambaa kila kinapochafuka. Acha weusi kiasi kwenye pembe na vishimo, maana mbao za miaka mia zilizotakata kote huzua shaka. Bonde lililobonyea kwa kugongwa laweza kuinuliwa kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto, lakini si karibu na mhuri, kwa kuwa mvuke utauinua mhuri nao, na mimi binafsi huyaacha mabonde mengi yalivyo. Ufa unaoendelea kupanuka ugundishwe na fundi anayejua, kutoka upande wa ndani usioonekana.

Katika hali yetu ya hewa kuna bungua. Ukiona vitundu vidogo vyenye unga mbichi, tenga mbao na chuma, zifunge kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa na uziweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uziache zirudi kwenye joto la chumba kabla ya kufungua mfuko. Dawa za kunyunyizia wadudu huacha madoa.

Baada ya usafi, paka mafuta ghafi ya kitani kidogo sana kwa kiganja, sugua hadi mkono upate joto, acha siku nzima, futa kilichobaki, na urudie mara chache katika muda wa wiki kadhaa. Vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje au vilowekwe kwenye maji kabla ya kutupwa, kwa sababu mafuta haya yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa ndani ya ndoo huweza kuwaka chenyewe. Mkanda wa turubai usifuliwe, kwani wino wa mihuri yake huchuja.

Ndani ya mtutu

Bolti ya Lee-Enfield hutoka kwa nyuma, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kusafisha kutoka mdomoni na kusugua ukingo unaoongoza risasi. Anza kwa maji ya moto sana kupitia faneli. Viwashio vya risasi za zamani viliacha chumvi ya kloridi ya potasiamu ambayo huvuta unyevu, na mafuta hayayeyushi chumvi. Maji huiyeyusha, nalo jeshi lilijua hivyo. Kausha kabisa, kisha fuata brashi ya shaba na dawa ya kusafishia mitutu. Michirizi ya rangi ya fedha hutokana na ganda la shaba na nikeli lililofunika vichwa vya risasi za zamani, na hutoka polepole.

Mtutu wa kawaida una mifereji mitano inayozunguka kushoto. Ukikuta miwili tu kwenye No. 4 usidhani imelika: wakati wa vita mitutu mingi ya Savage na Long Branch ilikatwa hivyo. Vishimo vidogo vya kutu ndani havifutiki, na kusugua zaidi kutaupanua mtutu. Anayekusudia kuipiga bunduki, isipokuwa ya DP ambayo haipigwi, aipeleke kwanza kwa fundi mwenye leseni ili apime nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi.

Vipuri, hifadhi na kumbukumbu

Bunduki nyingi za .303 zilikatwa ubao baada ya vita ili ziwe za kuwindia. Kuirudishia mbao kamili za kiwanda kile kile na kipindi kile kile kunakubalika, maadamu huchongi namba wala mihuri ya uongo juu yake. Chombo kilichoondolewa hakitupwi, hata kama ni kibovu.

Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa dawa zilizobaki kwenye ngozi hukaribisha kutu, wala ndani ya sifongo. Paka chuma nta ya makumbusho, kama ile ya Renaissance iliyobuniwa katika British Museum, ambayo haitiririki kuingia kwenye mbao kama mafuta. Ishike kwa glavu, iweke ndani ya kabati la chuma lenye kufuli na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, na jaribu kuuweka unyevu karibu na asilimia 50. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam vifuko hivyo vitashiba upesi, basi vikaushwe kila mwezi na chuma kikaguliwe siku hiyo hiyo.

Andika tarehe, kila kilichofanywa, dawa iliyotumika na kipuri kilichobadilishwa, ukiambatanisha picha za mwanzo na za mwisho. Karatasi hiyo ikae kwenye faili la kibali, si ndani ya tundu la kitako, ambako itavuta unyevu na kuanza kuila sahani upya.